Kama haki zote wanapewa kwenye ushirika wa kiraia, neno NDOA linang'ang'aniwa la nini?

Mtafuta Jibu

Wakuu salama? Naomba tujadili hili bila matusi, maana nyuzi za mada hii nazijua, mtu anauliza swali anarushiwa laana au anaitwa mshamba, mwisho uzi unafungwa na hakuna aliyejibiwa.

Swali langu ni dogo ila limeninyima raha wiki nzima. Mi ni mtu wa dini, nasema mapema ili msije mkanitafuta baadaye. Dada yangu naye ni mtu wa dini, tumelelewa nyumba moja, ila kwenye hili la serikali kutambua ndoa za jinsia moja tumebishana mpaka mama katuomba tubadilishe maongezi. Msimamo wangu mimi ulikuwa hivi: sitaki mtu anyanyaswe. Watu wazima wawili wakikaa pamoja miaka ishirini wakajenga nyumba, alafu mmoja akafa, mwenzake asije akatolewa nje na ndugu wa marehemu ambao hata kumjulia hali walikuwa hawaji. Hiyo ni dhuluma na dini yangu haipendi dhuluma. Kwa hiyo serikali iwape karatasi yao, iite ushirika wa kiraia, muungano, mkataba, vyovyote itakavyo, iweke humo mirathi na bima na pensheni na kila kitu. Ila neno ndoa liachwe pale lilipo. Niliona nimetenda haki pande zote mbili.

Dada akaniuliza kitu kimoja tu. Kama ni neno tu na halibadilishi chochote, mbona wewe unaling'ang'ania? Nikakosa jibu. Nikamrudishia lile lile, na wao mbona wanaling'ang'ania? Na yeye akanyamaza. Tangu siku hiyo hatujarudia.

Sasa wanaojua naomba mnisaidie. Kuna nchi zilizojaribu hiyo njia yangu ya katikati? Iliishia wapi? Na kati ya hizo karatasi mbili kuna kitu hasa kinachopotea au ni suala la heshima peke yake?

Mshika Kalamu

Mleta mada umeuliza vizuri, ngoja niandike kirefu kidogo maana hili la hadhi ya watu kifamilia ndo nililolisomea na nalipenda.

Njia yako ya katikati sio mpya. Ndo ya kwanza kabisa kujaribiwa. Denmark mwaka 1989 walipitisha sheria ya wenza waliosajiliwa, na tarehe 1 Oktoba mwaka ule wakasajiliwa wa kwanza, akiwemo Axel Axgil na mwenzake Eigil ambao walikuwa wameshakaa pamoja takriban miaka arobaini. Walipewa karibu kila kitu cha ndoa isipokuwa mambo machache kama kuasili watoto na kufungishwa kanisani. Uholanzi nao walianza hivyo hivyo mwaka 1998, wakakaa na usajili miaka mitatu tu, tarehe 1 Aprili 2001 wakawa nchi ya kwanza duniani kufungua ndoa yenyewe. Uingereza ushirika 2004, ndoa 2013. Ireland ushirika 2010, ndoa 2015. Jimbo la Vermont kule Marekani muungano 2000, ndoa 2009. Denmark wenyewe walioianzisha wakaiacha 2012. Kwa hiyo ukiuliza iliishia wapi, sehemu nyingi iligeuka daraja, watu wakapita juu yake wakaenda ng'ambo. Sio kote lakini, Italia wana muungano wa kiraia tangu 2016 na ndoa hawajafungua.

Sasa kinachopotea ni nini. Watu wanadhani ndoa ni sheria moja, unaikopi unabandika jina jingine juu basi. Sivyo. Ndoa ni neno ambalo sheria zingine mamia zinalisoma. Sheria ya kodi inasema mume au mke, sheria ya uhamiaji inasema mume au mke, ya ushahidi mahakamani, ya fidia ya mfanyakazi aliyekufa kazini, mkataba wa bima aliouandika mtu miaka thelathini iliyopita. Ukileta hadhi mpya pembeni lazima upite kila mahali ubandike "na wenza wa kiraia", na popote ulipopasahau ndo mtu anaanguka hapo siku ya msiba.

Mfano mzuri ni jimbo la New Jersey kwa sababu pale walijaribu kwa nia njema kabisa. Mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2006 ikasema haki lazima ziwe sawa, jina bunge litachagua lenyewe, yaani ni mleta mada mtupu. Bunge likachagua muungano wa kiraia, ukaanza 2007, na sheria ile ile ikaunda tume ya kuangalia kama inafanya kazi. Desemba 2008 tume ikaleta ripoti ya mwisho, ikasema hapana, haileti usawa. Kwenye karatasi haki zilikuwa zile zile, ila waajiri walikuwa hawaelewi, hospitali hazielewi, mtu analazimika kueleza hadhi yake upya kila dirisha analosimama.

Na Ireland ilikuwa na la kwake. Katiba yao inailinda familia iliyojengwa juu ya ndoa. Ushirika wa kiraia ulikuwa kwenye sheria ya kawaida tu, bunge lolote lijalo lingeweza kuugusa. Ndo maana wakaenda kwenye kura ya maoni tarehe 22 Mei 2015 na 62% wakasema ndiyo, kuiingiza kwenye katiba yenyewe.

Baba Naima

Mi napinga na nitaeleza kwa utulivu, naomba na mimi nisomwe kwa utulivu.

Kwanza hilo la mirathi niko na mleta mada, mtu kufukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga ni unyama. Ila jamani ndoa sio cheti cha mapenzi. Pale kwa msajili hakuna swali la "je unampenda", hakuna fomu inayopima mapenzi. Serikali iliingia kwenye ndoa kwa sababu mwanamume na mwanamke wakikutana mtoto anaweza kuja, awe amepangwa au hajapangwa, na yule mtoto anahitaji baba asiyeweza kuondoka kirahisi. Hicho ndicho kitu ambacho jamii zote, zenye dini na zisizo na dini, zimekihangaikia. Najua mtaniletea wagumba na wazee wanaooana wakiwa na miaka sabini, nimelisikia hilo mara nyingi na sio hoja nyepesi, nakiri. Jibu langu ni kwamba sheria inaangalia umbo la jambo, haiingii chumbani kwa kila mtu kupima. Anayeona jibu hilo halitoshi sawa, ila ndo imani yangu na nimeifikiria.

La pili ni nani anaamua. Ireland waliuliza watu, sawa, nawaheshimu hata kama nisingepiga kura hiyo. Marekani mwaka 2015 kesi ya Obergefell, ile iliyofungua ndoa za jinsia moja nchi nzima, ilikuwa majaji watano dhidi ya wanne, mtu mmoja angegeuka nchi nzima ingekuwa vingine. Jaji Mkuu Roberts alikuwa upande wa walioshindwa, na aliandika kwa maana hii, kwamba wanaofurahia wafurahie walichopata ila wasiisifu Katiba kwa sababu Katiba haikuhusika. Hayo hayakuwa maneno ya chuki, alikuwa anasema mambo kama haya watu wabishane wenyewe washawishiane. Na India tarehe 17 Oktoba 2023 majaji watano wa mahakama ya juu wote kwa pamoja walisema katiba yao haina haki ya msingi ya kuoa, hiyo ni kazi ya bunge.

Alafu msiseme kila mahali daraja linaelekea upande mmoja. Bermuda mahakama ilifungua ndoa 2017, bunge likairudisha kuwa ushirika wa nyumbani wenye haki zile zile, kesi ikapanda mpaka Baraza la Faragha kule London, ambalo ndo mahakama yao ya mwisho ya rufaa, na Machi 2022 serikali ikashinda.

La tatu ndo linaloniogopesha zaidi. Neno likibadilika kwenye sheria linabadilika kwa kila mtu, sio kwao tu. Yule karani wa jimbo la Kentucky kule Marekani, Kim Davis, 2015 alilala mahabusu siku tano kwa kukataa kutoa leseni za ndoa kwa wenza wa jinsia moja. Sisemi alikuwa sahihi, alikuwa mtumishi wa umma na alikataa amri ya mahakama. Nasema tu tusiambiwe kwamba haimgusi mtu mwingine.

Nesi wa Zamu

Nimesoma hapa kimya muda mrefu. Mi sheria siijui, najua fomu.

Nilifanya kazi nchi moja sitaitaja na hospitali sitaitaja, wakati huo walikuwa na ushirika wa kiraia, ndoa hawana. Usiku mmoja akaletwa mama wa miaka hamsini na kitu, kiharusi, hawezi kuongea. Aliyemleta ni mama mwenzake, walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na tisa na wamesajiliwa kabisa, wana karatasi. Kwenye fomu yetu kulikuwa na ameolewa, hajaolewa, mtalaka, mjane. Hakuna sehemu yao. Dada wa mapokezi alikuwa kijana, hana ubaya wowote, yule mama akamwambia sisi ni wenza wa kiraia, binti akamwangalia, akaangalia kompyuta, akachagua "hajaolewa" na kwenye uhusiano na mgonjwa akaandika "rafiki". Rafiki haruhusiwi kuingia chumba cha mahututi. Rafiki hasaini chochote.

Karatasi yao ilikuwa nyumbani. Nani anabeba cheti chake akiwa anakimbiza mgonjwa? Mimi nina mume, sijawahi kuulizwa cheti hospitali yoyote maisha yangu yote. Nasema "mume wangu" na mlango unafunguka. Hapo ndo nilielewa neno linafanya kazi gani, sikulielewa kwenye kitabu. Siku mbili hakuna aliyesaini kwa ajili ya yule mama, tukamtafuta kaka yake ambaye hawakuonana miaka kumi na moja.

Sijaja kumshawishi mtu dini yake. Mleta mada umeuliza kama kuna kitu kinapotea. Kinapotea usiku, pale mapokezi.

Mtafuta Jibu

Dada Nesi nimesoma mara mbili, asante.

Ila nisaidieni wengine, hilo si kosa la fomu? Yaani serikali ikitengeneza fomu vizuri ikawafundisha watu wa mapokezi si linaisha? Miaka kumi tu watu watazoea neno jipya kama walivyozoea maneno mengine.

Mshika Kalamu

Inaweza ikapungua, ndiyo, sitakudanganya. Kuna nchi zilizokaa na ushirika miaka mingi na watu wakauzoea. Ila kuna ukuta ambao fomu nzuri haiuvuki, nao ni mpaka wa nchi. Ndoa ni kitu ambacho kila nchi inacho kwa hiyo kuna pa kuanzia kuulizana. Ushirika wa kiraia wa nchi A ukifika nchi B isiyo na kitu kama hicho hauna pa kukaa, msajili hajui auweke wapi.

Ingawa niwe mkweli hata ndoa yenyewe ilikwama mipakani. Edith Windsor na Thea Spyer walikuwa wakazi wa New York, wakaenda kuoana Toronto mwaka 2007 wakiwa wazee na Thea akiwa mgonjwa. Thea akafa 2009. Sheria ya shirikisho ya 1996 ilisema ndoa ni mwanamume na mwanamke, kwa hiyo Windsor akahesabiwa si mjane, akatozwa kodi ya mirathi dola 363,053. Angekuwa ameolewa na mwanamume angelipa sifuri. Alishinda 2013. Na huyo Jim Obergefell wa kesi aliyoitaja Baba Naima alikuwa anapigania kitu kidogo kuliko watu wanavyofikiri, alitaka cheti cha kifo cha mwenzake kiseme marehemu alikuwa na ndoa na jina lake liandikwe pale. Huyo mwenzake, John Arthur, alikuwa hawezi kutembea, walifungishwa ndani ya ndege ya wagonjwa ikiwa imesimama kwenye uwanja wa ndege Maryland kwa sababu jimbo lao la Ohio halikuruhusu. Sijui kama kuna mtu anaweza kusoma hiyo akaniambia walikuwa wanatafuta fujo.

Sasa mleta mada ngoja nikupe Taiwan, hii itakukaa kwa sababu ndo swali lako kamili. Mahakama ya katiba tarehe 24 Mei 2017 ikatoa miaka miwili sheria irekebishwe ili wapenzi wa jinsia moja waweze kuoana. Novemba 2018 wapinzani wakaitisha kura ya maoni, na wananchi wakasema kwa wingi kwamba sheria ya kiraia isiguswe pale panapoeleza ndoa. Serikali ikabanwa pande mbili, mahakama inasema lazima, wananchi wanasema sio hapo. Wakafanyaje? Wakaandika sheria tofauti na wakaikwepa ndoa kwenye jina lake, sheria inaitwa kwa namba ya uamuzi wa mahakama, sheria ya utekelezaji wa tafsiri namba 748. Namba! Ukisoma kichwa chake hujui inahusu nini. Ila ukifungua ndani kuna kifungu kinasema watu hao wawili wanaweza kwenda kwa msajili kuomba usajili wa NDOA. Neno likatolewa mlango wa mbele likaingizwa wa nyuma. Ikaanza 24 Mei 2019, ya kwanza Asia. Na kwa kuwa ilikuwa sheria ya pembeni, mashimo yakaonekana, hawakuweza kuasili kwa pamoja mtoto ambaye si wa damu ya mmoja wao mpaka 2023.

Kinachonigusa hapo ni kwamba nchi nzima ilihangaika na neno moja na hakuna upande uliosema "ni neno tu". Wote walijua lina uzito. Mi nadhani mjadala wa kweli unaanzia hapo, watu wakikubali kwamba lina uzito kwa wote wawili. Dada yako na wewe mlikuwa mnaulizana swali moja.

Huru Bado

Mi naona mnazunguka. Serikali itoke kwenye neno ndoa kabisa. Kila mtu, mume na mke, mume na mume, wote wapewe ushirika wa kiraia. Ndoa ibaki ya dini na mila, kila mmoja aite anavyotaka. Tatizo limeisha na hakuna anayebaguliwa.

Na msidhani ni watu wa jinsia moja tu wanaoutaka ushirika. Uingereza kulikuwa na Rebecca Steinfeld na Charles Keidan, mwanamke na mwanamume, walikataa kuoana kwa sababu kwao historia ya ndoa ni mwanamke kukabidhiwa kama mali. Walitaka ushirika wa kiraia wakanyimwa kwa kuwa ni wa jinsia tofauti! Wakaenda mpaka mahakama ya juu wakashinda Juni 2018, na kuanzia 31 Desemba 2019 ukawa wazi kwa wote. Ufaransa ule mkataba wao wa PACS wa 1999 uliwalenga sana wapenzi wa jinsia moja, leo wengi mno wanaousaini ni mwanamke na mwanamume. Kwa hiyo hata kati ya watu wa kawaida neno ndoa sio tamu kwa kila mtu.

Mwana wa Madhabahu

Huru Bado wazo lako nalipenda moyoni ila nadhani halitatokea. Nenda kawaambie mamilioni ya watu walioana bomani bila dini yoyote kwamba kuanzia kesho hawana ndoa, wana ushirika. Watakuja juu kuliko hata Baba Naima. Na hapo ndo utaona tena kwamba neno sio la dini peke yake, lilishatoka muda mrefu.

Mimi nahudumu kanisani na nazungumza kama mtu wa kanisani. Kanisa Katoliki halimtambui mtalaka aliyeoa tena wakati mke wa kwanza yupo hai na ile ndoa haijabatilishwa. Serikali inamtambua, inampa cheti kimeandikwa NDOA kwa herufi kubwa. Hiyo imekuwepo miaka na miaka. Je kuna padri aliyelazimishwa kumfungisha? Kuna muumini aliyesema sakramenti yangu imeharibika kwa sababu ya cheti cha jirani? Tumeishi na maana mbili za neno moja na kila mtu anajua anasimama wapi. Kwa hiyo nikisikia kwamba serikali ikifungua ndoa basi dini imeporwa, najiuliza mbona kwa watalaka hatukulia hivi.

Uingereza sheria ya 2013 ilikwenda mbali, Kanisa la Anglikana la England halilazimishwi na tena haliruhusiwi kisheria kufungisha ndoa hizo mpaka kanuni zake lenyewe zibadilike. Dini zingine zinazotaka zinajiandikisha, zisizotaka zinakaa. Afrika Kusini, Jaji Albie Sachs kwenye uamuzi wa Desemba 2005 alieleza kwamba kuwaweka watu hawa nje ya ndoa sio usumbufu mdogo wa pembeni, ni sheria kuwaambia kwa mzunguko kwamba ninyi ni watu wa nje. Na uamuzi ule ule ukaheshimu imani za watu na ukasema wazi viongozi wa dini hawatalazimishwa. Vyote viwili vilikaa kwenye hukumu moja. Bunge lao mwaka 2006 likatunga sheria ambayo wawili wanaoenda kusajiliwa wanachagua wenyewe, mnataka uitwe ndoa au ushirika wa kiraia. Sheria moja, haki zile zile, jina mnachagua. Mleta mada angalia hiyo, mi naona imejibu swali lako kuliko zote, kwa sababu neno limeachwa kwa wanaolibeba.

Baba Naima

Mtumishi hoja ya watalaka imenipata, sitajifanya haijanipata. Nitaifikiria. Ila mtalaka aliyeoa tena bado ni mwanamume na mwanamke, umbo halijabadilika, kwa hiyo kwangu sio sawasawa kabisa.

Na Afrika Kusini malizia hadithi. Sheria ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 6, afisa wa serikali mwenye dhamiri yake angeweza kumwandikia waziri aondolewe kwenye kazi hiyo. 2020 kimefutwa. Ndo ninachosema, mnatuahidi nafasi, alafu nafasi inapungua.

Mwana wa Madhabahu

Ni kweli kimefutwa, na naelewa kwa nini kinakuuma. Ila sababu ilikuwa kwamba kuna ofisi ukienda unakuta hakuna afisa hata mmoja anayekubali, watu wanazungushwa, haki iko kwenye karatasi na mlango umefungwa. Kiongozi wa dini hakuguswa, aliyeguswa ni afisa anayelipwa na kodi ya hao hao. Mimi hapo nagawanyika kiukweli. Nisingependa karani mcha Mungu afukuzwe kazi, na nisingependa watu wawili wasafiri ofisi tatu kutafuta sahihi. Kentucky baada ya ile kesi walifanya kitu cha busara, 2016 walibadilisha fomu ya leseni jina la karani likaondolewa. Leseni inatoka, dhamiri yake haipo kwenye karatasi. Vitu kama hivyo vinawezekana watu wakikaa.

Mtafuta Jibu

Wadau nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea, na huu uzi haujafungwa, namshukuru kila mtu.

Sijahama kabisa. Bado kanisani kwangu nataka neno libaki na maana yake na nitaisema mbele ya yeyote. Ila ile njia yangu ya katikati nilikuwa naiona kama zawadi na saivi naona nilikuwa nagawa kitu bila kuuliza anayepewa anakitumia wapi. Hiyo ya kuchagua jina nitampelekea dada. Na nitamwambia jibu la swali lake, kwamba naling'ang'ania kwa sababu kwangu lina uzito, nilikosea kusema ni neno tu.

Baba Naima

Kabla hatujaondoka. Dada Nesi, samahani, nimerudi kusoma komenti yako usiku huu. Yule mama aliyeandikwa rafiki, mwishowe aliruhusiwa kuingia?

Nesi wa Zamu

Ndiyo kaka, aliingia. Siku ya tatu yule kaka wa mgonjwa alifika, mzee mkali wa sura, tukajua tutakuwa na vurugu. Akamkuta yule mama amelala kwenye kiti cha nje, akasimama akamwangalia muda mrefu bila kusema neno. Alafu akaja mapokezi akaomba ile fomu. Akakata pale palipoandikwa rafiki, akaandika kwa mkono wake "shemeji yangu", akasaini chini.